Chupa Niliyoisuuza

Walisema sitaweza. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni ami yangu, ndugu wa baba, siku ya tatu baada ya mimi kufika Ibra, mji wa wazee wetu Uarabuni, kutoka Unguja kwa njia ya Mombasa. Nilikuwa na sanduku moja la bati, na diploma yangu ya ufundi nimeiviringisha ndani ya gazeti ili isikunjike. Tulikaa majlisini kwake, watu kama kumi na mbili, sinia la tende katikati. Mmoja akaniuliza nimesomea nini. Nikajibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba nimesomea mitambo. Wakacheka, na hawakuicheka mitambo, walikicheka Kiarabu.

"Mitambo!" akasema ami, akahamia kwenye Kiswahili ili nielewe vizuri ninavyochekwa. Yeye aliwahi kukaa Unguja miaka mingi na duka la vitambaa, akarudi kabla yangu. "Mwanangu, mitambo ya hapa ni punda na kamba ya kisima. Na punda wenyewe hawajui Kiswahili."

"Nitafanya kazi kwenye ndege," nikasema. Sikuwa nimelipanga. Nililitoa kwa hasira tu.

"Ndege?" Akawageukia wenzake, akawatafsiria, wakacheka tena. "Sikiliza. Siku utakayoigusa ndege kwa mkono wako, mimi nitatembea kutoka hapa mpaka Sur bila viatu."

Basi niliigusa. Nataka hilo lijulikane mwanzo, kwa sababu mengi yanayofuata ni aibu, na mtu akisoma aibu tupu anaweza kudhani mwandishi wake hakuwa kitu. Mimi nilikuwa kitu. Nilianzia Nizwa kwenye pampu za maji na jenereta, nikalala kwenye stoo, nikajifunza Kiarabu kwa madereva na matusi yake yote. Nikasikia kwamba kambi ya ndege za jeshi, kule pwani ya kusini kupita Ashkhara, inataka watu wenye Kiingereza na cheti. Nilikwenda na diploma yangu. Nilianza kwa kuburura mpira wa kujazia mafuta juani, na haikupita miaka mitano nikawa msimamizi wa sehemu nzima ya mafuta. Sikubebwa na jamaa wala kabila. Hakuna ndege iliyoruka pale bila ya sahihi yangu, na mara ya kwanza nilipoandika barua kwa ami niliweka jambo hilo kwenye mstari wa kwanza, kabla ya salamu.

Sahihi yangu ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya maji. Adui wa mafuta ya ndege ni maji. Pwani ile umande ni mzito, unyevu huingia kwenye matangi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Ndege ikipanda juu kwenye baridi kali, maji yale huganda, na injini ikakosa pumzi. Kwa hiyo kila asubuhi kulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kufungua koki ya chini ya kila tangi na kumwaga mpaka mafuta yatoke matupu. Ya pili, kuchota sampuli kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kuizungusha mbele ya mwanga na kutazama. Kazi ya pili ilikuwa yangu, mwenye diploma.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Jalan Bani Bu Ali. Alikuwa mwembamba, mkimya, na ujanani alikausha karafuu Pemba misimu kadhaa, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Pemba na heshima yake yote. Akishasali alfajiri alichukua ndoo na spana yake, akapita tangi moja baada ya jingine. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Mimi niliingia saa moja na nusu nikiwa nimepiga pasi shati, nikamkuta amekwisha maliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimemwaga. Tangi la tatu lilikuwa na kikombe kimoja tu cha maji, mengine makavu."

Aliniita mwalimu kwa sababu ya diploma, niliyoitundika ukutani nyuma ya meza. Chini yake nilitundika sheria niliyoiandika mwenyewe kwa lugha mbili: chupa ya sampuli isuuzwe kwa mafuta yenyewe peke yake, isisuuzwe kwa maji abadan.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini wakaja wageni. Yalikuwa mazoezi ya majeshi mawili, ya wiki kadhaa, na wageni walileta ndege kubwa ambayo tumbo lake lote ni tangi. Kazi yake ni kwenda juu kuzingojea ndege ndogo za vita na kuzijaza mafuta hukohuko angani, bila ya kutua. Mkiani kuna bomba refu lenye vibawa viwili. Ndege ndogo hujisogeza chini na nyuma ya ile kubwa, karibu mno, na mtu mmoja aliyelala kifudifudi mbele ya dirisha dogo huliongoza lile bomba mpaka liingie kwenye tundu la ndege ya chini.

Huyo mtu ndiye niliyefanya naye urafiki, kwa sababu wakiwa chini yeye ndiye aliyehesabu mafuta pamoja nami. Nitamwita mshika bomba. Alikuwa mtoto wa mkulima huko kwao, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza. Tulikaa kivulini mwa lori la mafuta akanieleza.

"Rubani wa chini namwona uso kwa uso," aliniambia. "Ninajua nani hakunyoa asubuhi. Yeye hanioni, anaona taa zangu tu. Mara moja nilimpata kijana, ukungu umetanda, mafuta yamemwishia, mikono inatetemeka. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia: usilitazame bomba, tazama taa. Halafu nikamuuliza mama yake anapika nini siku za sikukuu. Akaanza kunielezea, na alipofika kwenye mchuzi tayari nilikuwa nimemshika kwa bomba."

Wiki ya mwisho alinipa glavu zake za zamani, za ngozi, zilizochakaa kwenye vidole gumba. Akasema amepewa mpya. Mimi nilizipokea kama zawadi. Nilichokwenda kukifanya nazo Ibra sikumwambia.

Sikukuu ilipofika nilikwenda kwa ami na zile glavu mfukoni. Majlisi ilijaa. Ami akaniuliza, kwa kejeli yake ya siku zote, kama bado naburura mpira. Nikazitoa glavu nikaziweka karibu na sinia la tende, polepole, nikaanza kusimulia. Ukungu, kijana wa watu, mikono inatetemeka, mama yake, mchuzi. Kila kitu nilikisimulia kama nilivyosimuliwa, ila neno moja nilibadilisha. Palipokuwa "yeye" nikaweka "mimi".

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akafuta macho.

"Na wewe unalala kifudifudi?" akauliza ami.

"Kifudifudi, ami."

"Na unamwona?"

"Namwona mpaka ndevu."

Akaichukua glavu moja, akaivaa, akaitazama ndani na nje. Kuanzia siku ile hakunitaja tena kwa jina la punda wala la mpira. Nikipita naye sokoni alinishika mkono akawaambia watu, "Huyu mwanangu ananyonyesha ndege angani." Nami nilitembea nikitazama chini kwa unyenyekevu, na moyoni nimejaa kama pishi ya mchele. Nilijiambia kwamba uwongo wenyewe ni mdogo. Mafuta ni yangu, sahihi ni yangu. Kilichobaki ni nani amelala wapi.

Mwaka uliofuata wale wageni walirudi kwa mazoezi, na mkuu wa kambi akatangaza siku moja ya wafanyakazi kuleta jamaa zao. Sikumwalika ami. Habari zilimfikia kwa mtu mwingine, akaja na wazee wawili wa Ibra, safari ya tangu alfajiri ya siku iliyotangulia, njia ya mchanga, wamelala Jalan. Walifika wamevaa kanzu nyeupe na majambia ya fedha kama wanaokwenda harusini.

"Tumekuja kukuona ukipanda," akasema ami.

"Leo si zamu yangu kupanda, ami. Leo niko chini." Jibu nilikuwa nalo tayari. "Lakini mtaiona kazi yenyewe."

Niliwatandikia jamvi ofisini. Nikaleta halua ya Nizwa, dele la kahawa, finjani, na bakuli la maji la kusuuzia. Kwetu mwenyeji ndiye anayemimina, amesimama, na kila finjani inayorudi huisuuza bakulini kabla ya kummiminia mwingine. Mshika bomba akaingia na karatasi zake za mafuta, nikamlazimisha akae. Akanywa, nikammiminia. Akanywa, nikammiminia. Masikini hakujua kwamba mtu aliyetosheka hutikisa finjani.

"Mwambie atikise," akasema ami, "ama sivyo atalimaliza dele peke yake na ndege itakosa nafasi ya mafuta."

Tukacheka wote. Mshika bomba naye akacheka bila kujua kwa nini. Kiingereza chake ami hakukijua, na Kiswahili cha ami yeye hakukijua, na mimi nilikaa katikati yao kama mlango ambao ufunguo wake ninao mwenyewe. Sijawahi kuwa na raha kama ile.

Mlangoni alisimama yule mzee wa Jalan na spana yake. Alikuwa ameingia kunipa ripoti ya asubuhi, akakuta wageni, akasimama kando kungoja, kama adabu inavyotaka.

Saa ikafika. Ndege ndogo mbili zilikuwa zimekwisha ruka kutoka kambi nyingine, na ile kubwa ilipaswa kujazwa ili iwahi kukutana nazo. Nikainuka. Nikaichukua chupa ya sampuli kutoka kwenye rafu yake na kuinyanyua mbele ya wazee.

"Hii," nikawaambia, "ndiyo roho ya ndege."

Nikaendelea kusema. Nilieleza habari za barafu na injini, nilieleza masomo yangu, naona nilimtaja hata mwalimu wangu wa hisabati. Na wakati ulimi unahutubu, mkono ulikuwa bado uko kwenye kazi ya mwenyeji. Ulikuwa na chombo cha kioo, na mbele yake kulikuwa na wageni na bakuli la maji. Ukakiteremsha chombo bakulini, ukakisuuza, mara moja, mara mbili, ukakikung'uta vizuri. Chini ya sheria niliyoiandika mwenyewe.

Sikuliona hilo. Namaanisha sikuliona wakati ule. Nilitoka nje, wao wote nyuma yangu, nikachota kwenye tangi la tatu, nikaizungusha chupa juani kwa mbwembwe. Mafuta yakazunguka, yakatulia. Chini kabisa, katikati, vikajikusanya vitone vitano sita, vinang'aa kama shanga.

Mshika bomba akaacha kutabasamu. "Maji," akasema.

Tukatia dawa ya kupimia maji. Ikageuka kijani.

Hapo ndipo mkono wangu uliponikumbusha. Niliuhisi ule ubaridi wa bakuli kwenye vidole. Nilijua. Sikuhitaji kufikiri hata kidogo. Kilichotakiwa ni sentensi moja: nimekosea, chupa nimeisuuza kwa maji, nileteeni nyingine. Dakika tano tu, na kazi ingeendelea, na mimi ningechekwa.

"Kuna nini?" akauliza ami. Bado alikuwa na finjani mkononi.

Nikamtazama ami, nikawatazama wale wazee wawili na majambia yao.

"Tangi lina maji," nikasema. "Mzee huyu hakulimwaga vizuri." Kisha nikageuka nikamwambia mshika bomba jambo hilohilo kwa Kiingereza. Nilimsingizia mtu kwa lugha mbili, kama ile sheria ukutani.

"Nimelimwaga, mwalimu," akasema yule mzee.

Akageuza shingo akatazama ndani ya ofisi, kule jamvini lilikobaki bakuli. Akanitazama mimi. Akawatazama wageni wangu mmoja mmoja. Nilimwona akilipima neno lililokuwa mdomoni mwake, nikaona anavyolimeza.

"Labda halikutosha," akasema, akainamisha kichwa.

Ningependa kuandika kwamba niliishia hapo. Amri katika hali ile ni kufunga tangi na kulimwaga upya mbele ya afisa. Afisa alikuwa bado yuko njiani, na wengine walikuwa wamerudi kivulini. Nikaifungua koki mwenyewe, nikaweka ndoo. Kama mzee hakumwaga, mkondo wa kwanza ungetoka na maji na kutu. Ulitoka safi kama chozi. Ndoo ile ndiyo ilikuwa shahidi wake peke yake, na mimi niliibeba nikaimwaga shimoni kabla ya afisa kushuka garini. Sampuli ya pili, kwa chupa nyingine, ikatoka safi. Afisa akasema: basi, sasa ndiyo limemwagwa. Na ilionekana kuwa kweli.

Ile ndege kubwa ilijazwa kutoka tangi jingine kwa tahadhari, ikaruka imechelewa. Ndege ndogo moja iliweza kurudi kwao. Ya pili ilitua kwenye uwanja wa changarawe jangwani, matangi yake yakiwa karibu matupu. Rubani hakupata hata mkwaruzo. Alasiri mshika bomba alirudi, akakaa kwenye ngazi ya ofisi yangu.

"Nilimsikia kwenye redio akiuliza niko wapi," akasema. "Kumwambia mwenye kiu kwamba bado uko mbali, na wewe tumbo zima ni mafuta! Nashukuru uliyaona yale maji lakini. Yangekuwa mabaya zaidi."

Akanipa mkono. Nikaupokea.

Yule mzee aliulizwa na mkuu wa kambi, akajibu vilevile: labda halikutosha. Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Nilimwona akipanda lori la papa wakavu lililotoka Ashkhara, akiwa na furushi lake na bila spana, maana spana ilikuwa ya kambi. Nilikwenda mpaka pembeni mwa lori. Nilidhani atanitukana, nami nilitaka anitukane.

"Wageni wako wamekwishaondoka?" akaniuliza.

"Bado, mzee."

"Basi rudi kwao. Usiwaache peke yao."

Na ami je? Ami alifurahi kupita kiasi. Aliporudi Ibra alisimulia jinsi mwanawe alivyoyaona matone matano ya maji ndani ya tangi kubwa kama nyumba, akaokoa ndege. Mkuu wa kambi aliniandikia barua ya pongezi. Nikaitundika pembeni mwa diploma. Nilipaswa kuitundika, wangeuliza kwa nini sikuitundika.

Mtu wa kumwaga matangi hakuajiriwa mwingine. Walileta majina, nami nikayakataa yote, kila moja kwa kisingizio chake. Nilianza kuamka mwenyewe kabla ya adhana, nikachukua ndoo na ile spana, ambayo mpini wake ulikuwa umekula umbo la kiganja chake na haukukikaa vizuri changu. Tangi la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa mtu mwenye diploma na ndoo. Watu wa kambi walidhani ni bidii, wakanisifu, na kila sifa iliniingia kama mwiba wa samaki. Katika mwaka mzima ule sikupata ndani ya ndoo zaidi ya kikombe kimoja au kimoja na nusu cha maji kwa siku, kama alivyokuwa akiniambia. Mtu yule alikuwa akisema kweli kila asubuhi, na mimi nilikuwa nikimsikiliza kama anayesikiliza hali ya hewa.

Msimu wa mazoezi ukarudi, na mshika bomba akarudi nao. Nilimtengenezea kahawa. Safari hii, baada ya finjani ya pili, akaitikisa, kisha akacheka kwa kujivunia kwamba amejifunza. Nikaichukua nikaisuuza bakulini.

Macho yake yakaifuata finjani. Yakakaa kwenye bakuli. Kisha yakapanda kwenye rafu, kwenye chupa ya sampuli. Sijui kama alielewa. Mpaka leo sijui.

"Yule mzee mwembamba yuko wapi?" akauliza.

"Alifukuzwa. Kwa yale maji."

"Ala. Sisi kule juu mtu akikosea anasema papo hapo. Nikiligonga bawa la mtu kwa bomba langu, nasema kwenye redio kabla sijavuta pumzi. Yule wa chini hana njia nyingine ya kujua."

Nikaliweka bakuli chini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na kisa cha kijana na mchuzi wa mama yake, ambacho Ibra nzima inakijua kuwa ni changu. Nikafungua mtoto wa meza nikamrudishia glavu zake.

Alizigeuzageuza. "Mchuzi pia ulisema?"

"Mchuzi pia."

"Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kwenye kisa changu," akasema. Hakucheka. Akaziweka glavu mfukoni, akainuka, na hakunipa mkono. Nilistahili.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mkuu wa kambi kabla miguu haijabadili nia, nikiwa na barua ya pongezi mkononi. Aliisoma upya, sijui kwa nini, kisha akaichana vipande viwili. Nikashushwa cheo. Sahihi ikapewa mtu mwingine. Kuhusu yule mzee alisema: kazi yake ipo, akitaka arudi, lakini kamwambie wewe kwa mdomo wako.

Alhamisi niliendesha mpaka Ibra kumchukua ami. Nilimwambia tu kwamba nataka anisindikize Jalan kwa mtu. Ilibidi awepo. Ule ukimya mzee aliniazima mbele yake, na nisingeweza kuurudisha nyuma ya mgongo wake. Njiani ami alidhani nakwenda kuposa, akanipa nasaha za ndoa mwendo wa saa tatu.

Tulimkuta mzee shambani, tope la mfereji limemfika magotini, akielekeza maji kwenye mitende. Aliponiona aliosha mikono bila haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni, karibuni. Ami yako ndiye huyu, namkumbuka."

Tukaketi barazani kwake. Kwetu hakuna neno kabla ya kahawa, lakini mimi sikuweza kungoja. "Mzee, nimekuja kusema..."

"Kunywa kwanza."

Akasimama akatumiminia mwenyewe. Bakuli lilikuwa karibu na goti langu. Nilipomaliza niliitikisa finjani, akaipokea, akaisuuza, na ilipokuwa bado majini nikasema.

"Ami. Siku ile kambini tangi halikuwa na maji. Mzee huyu alilimwaga. Chupa niliisuuza mimi kwenye bakuli la kahawa, nikijionyesha kwako. Yeye aliniona. Akanyamaza kwa sababu nyinyi mlikuwa wageni wangu, akapoteza riziki yake. Na ndoo iliyomtetea niliimwaga mimi shimoni."

Ami aligeuza uso. Alikuwa akitazama mitende. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na kulala kifudifudi?"

"Si mimi, ami. Ni kisa cha yule mgeni aliyekunywa finjani nyingi. Sijawahi hata kuingia ndani ya ndege ile."

"Ibra yote nimewaambia."

"Najua."

"Na Sinaw! Nilikwenda Sinaw kuuza mbuzi, nikawaambia na wa Sinaw."

"Nitakwenda niwaambie, ami. Hata Sinaw."

Ami akamgeukia mzee wa Jalan, akaweka mkono kifuani. "Tumekula heshima yako mwaka mzima bila haki," akasema. "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Tusamehe."

Mzee aliifuta finjani kwa kidole, akaiweka juu ya nyenzake. "Chupa aliisuuza vizuri," akasema. "Kama mwenyeji." Kisha akanitazama. "Nani anamwaga sasa?"

"Mimi."

"Unaamka saa ngapi?"

"Kabla ya adhana."

"Tangi la tatu?"

"Kikombe kimoja. Siku za ukungu, kimoja na nusu."

Akatikisa kichwa kukubali, kama fundi anayesikia hesabu sahihi. "Jumamosi nitakuja," akasema. "Spana ni yangu. Na hiyo chupa, siku ukiwa na wageni, nitaishika mimi."

Tulipoaga, ami alisimama mlangoni, akavua makubadhi yake, akayashika mkononi. Jua lilikuwa la adhuhuri na ardhi inachoma.

"Ami, vaa viatu."

"Ndege uliigusa au hukuigusa?"

"Niliigusa, ami. Kila siku niliigusa."

"Basi nyamaza. Sur sifiki, lakini mpaka garini nitakwenda."

Akaenda, akirukaruka kama jogoo, akiguna kwa maumivu kila hatua. Katikati ya njia akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikamfikia, nikayapokea makubadhi yake, nikayabeba nyuma yake mpaka garini.